Mapigo 44, kalsiamu 130: je, nitundike viatu?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 48, naishi Arusha. Nakimbia kilomita 70 hadi 80 kwa wiki, mwaka wa 12 sasa, na Kilimanjaro Marathon nimeimaliza mara nne. Juzi nilipimwa: mapigo nikiwa nimetulia ni 44, na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) imeonyesha chumba cha kushoto cha moyo kimetanuka kidogo. CT (picha ya eksirei ya kompyuta) niliyopiga Nairobi imetoa alama 130 za kalsiamu kwenye mishipa ya moyo. Siumwi popote. Marehemu baba alianguka ghafla akafariki akiwa na miaka 53. Mke wangu anasema nitundike viatu. Mbio zinaniua?

JIBU: Hapana, ila shemeji yangu huyo usimpuuze. Umeniuliza mambo mawili kwa pamoja, la pampu, yaani moyo wenyewe, na la mabomba, yaani mishipa inayoulisha damu. Pampu hainitishi.

Mtu aliyetulia anahitaji takriban lita 5 za damu kila dakika. Asiyefanya mazoezi anazipata kwa mapigo 70, kila pigo likisukuma mililita 70 hivi. Wewe ukipiga 44, kila pigo linalazimika kusukuma mililita 110 na ushee, na kiasi hicho hakitoki kwenye chumba kidogo. Ndiyo maana kimetanuka. Jambo hili si geni: mwaka 1899 daktari wa Sweden, Henschen, aliitambua mioyo mikubwa ya wanamichezo wa kuteleza kwenye theluji kwa kugongagonga vifua vyao kwa vidole tu.

Kwenye ripoti ya eko nitafutie namba moja, unene wa ukuta wa chumba hicho. Ukiwa chini ya milimita 13 sina neno. Kati ya 13 na 15 tutabishana kidogo, kwa sababu kuna ugonjwa wa kurithi wa misuli ya moyo unaofanana na moyo wa mkimbiaji. Dawa ya ubishi huo ni kupumzika miezi michache na kupima upya: ukuta uliojengwa na mazoezi hupungua, wa ugonjwa hubaki pale pale.

Sasa mabomba. Clarence DeMar wa Marekani aliambiwa na madaktari kwamba moyo wake una sauti isiyo ya kawaida, aache kukimbia. Hakuacha, akashinda Boston Marathon mara saba. Alipofariki kwa saratani mwaka 1958 walimpasua wakakuta mishipa ya moyo wake ina upana wa mara mbili hadi tatu ya kawaida. Wakimbiaji hupenda kuishia hapo. Mimi huongeza kwamba mishipa hiyo mipana nayo ilikuwa na utando wa mafuta kidogo.

Kisha kuna Jim Fixx, aliyewahamasisha Wamarekani wengi kukimbia. Alifia mbioni Vermont mwaka 1984, umri 52, mishipa ya moyo imeziba. Baba yake alikufa kwa moyo akiwa na miaka 43. Unaona kwa nini umri wa baba yako umenifanya nisome barua yako mara mbili.

Kuhusu hizo 130: tafiti za Uingereza na Uholanzi za mwaka 2017 zilikuta wanaume wa makamo waliokimbia sana wana kalsiamu nyingi kuliko wenzao, lakini utando wao mara nyingi ni ule mgumu, usiopasuka kirahisi. Ilikuwa habari tamu, hadi utafiti wa Ubelgiji wa 2023 ulipokuta kwa wanamichezo wa maisha yote hata utando laini, ule wa kupasuka kirahisi, haukuwa pungufu kuliko wa wenzao. Kwa hiyo usijifariji kwamba ni kalsiamu ya mazoezi. Alama zaidi ya 100 kabla ya miaka 50, pamoja na historia ya baba, kwangu zinatosha kuzungumzia dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli), yaani statini. Na ukianza, usirudie CT kila mwaka ukitaka kuona namba ikishuka. Statini huufanya utando uwe mgumu, alama inaweza hata kupanda.

Viatu usitundike. Marekani, kati ya 2000 na 2010, washiriki milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni walipatwa na matukio 59 ya moyo kusimama. Ni machache, ingawa 51 yalikuwa ya wanaume. Ila punguza kasi, achana kwa sasa na mazoezi makali ya vipande (kukimbia kasi, kupumzika, kurudia), mpaka upimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ukikimbia kwenye mashine, upimwe lehemu na presha.

Dalili moja wakimbiaji huidharau: moyo kupapatika kifuani kama samaki aliyetolewa majini, kisha kutulia. Kwenye Vasaloppet, mbio za kuteleza kwenye theluji za Sweden, kilomita 90, waliofuatiliwa zaidi ya 52,000 walionyesha kwamba walioshiriki mara nyingi zaidi ndio waliovurugikiwa zaidi na mapigo. Mvurugiko wa namna hiyo unaweza kuleta kiharusi. Kuzimia nako kuna tofauti: ukizimia baada ya kusimama kwenye mstari wa mwisho, mara nyingi ni damu imebaki miguuni. Ukizimia huku unakimbia, au kifua kikibana kwenye mlima, simama hapo hapo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Majibu ya lehemu yakitoka niandikie. Muulize na mama kama baba alikuwa anavuta sigara.