Aini za urefu mmoja: kabla hujakata mipini

Mchezaji gofu Bryson DeChambeau alishinda mashindano ya US Open ya 2020 kwenye uwanja wa Winged Foot akiwa na aini (fimbo za kichwa cha chuma zenye namba) zote za urefu mmoja, inchi 37.5. Tangu hapo wapo wachezaji wanaotaka kupeleka seti ya kawaida kwa fundi, ndefu zikatwe na fupi ziongezwe mpaka zilingane. Usifanye hivyo, utaharibu seti nzima.

Tatizo liko kwenye kichwa. Katika seti ya kawaida, kila namba inayofuata mpini hupungua kama nusu inchi na kichwa huongezeka gramu 7 hivi, ili fimbo zote ziwe na uzito mmoja mkononi unapozungusha. Ukikata inchi moja kwenye aini namba 4, kichwa kinabaki chepesi kwa gramu 14 hivi, na mpini unakuwa mgumu zaidi. Hapo bado unaweza kubandika utepe wa madini ya risasi. Lakini weji, yaani fimbo fupi ya mipigo ya karibu, uliyoiongeza inchi 1.5 itakuwa na gramu 20 za ziada upande wa kichwa, na hizo huwezi kuzibandua. Seti halisi ya urefu mmoja hutengenezwa tangu mwanzo kwa vichwa vya uzito sawa.

Faida yake ni ya kweli: mpira unakaa mahali pamoja, mgongo unainama kiasi kilekile, mzunguko ni mmoja. Gharama iko kwenye ncha mbili za seti. Namba 4 na 5 zimefupishwa, kwa hiyo kichwa kinakwenda polepole, mpira unaruka chini na namba hizo mbili zinaishia kutua karibu mahali pamoja. Upande wa pili weji iliyorefushwa inarusha mpira juu na mbali kuliko ulivyozoea. Kwa hiyo piga mipira 10 kwa kila fimbo, tupa miwili iliyokwenda vibaya zaidi, andika wastani. Kama tofauti kati ya 4 na 5 haifiki mita 8, toa zote mbili uweke haibridi, fimbo iliyo kati ya aini na fimbo ya mbao. Kwenye viwanja vya nyanda za juu za Kenya, penye nyasi nene ya kikuyu, ungefaa kufanya hivyo hata kama vipimo vingekuwa vizuri, kwa kuwa nyasi ile hukamata shingo ya aini na kugeuza uso. Weji ambazo uso wake umelala nyuzi 54 na 58 ziache za urefu wa kawaida. Mpigo mfupi kando ya grini, ile nyasi fupi yenye shimo, hautaki mpini mrefu unaogusa tumbo.

Halafu pima mkao, yaani pembe kati ya mpini na ardhi. Chora mstari wima nyuma ya mpira kwa kalamu ya ubao mweupe, piga, kisha tazama alama iliyobaki kwenye uso wa fimbo. Ikisimama wima juu ya mifereji, sawa. Ikiwa juu yake imeegemea ncha ya kichwa, fimbo imesimama mno na mpira wa mtu wa mkono wa kulia utakwenda kushoto. Ikiegemea kisigino, utakwenda kulia. Kosa la nyuzi mbili huumiza zaidi kwenye weji kuliko kwenye namba 4, kwa sababu uso wa weji umelala zaidi. Ili kurekebisha mkao, vichwa vya chuma cha kufua hupindwa bila taabu. Vya kumimina vinaweza kupasuka vikilazimishwa.

Fimbo za grini, za kusukumia mpira shimoni, nazo zina maumbo ya ajabu, ila kipimo chake ni chepesi. Laza mpini juu ya kidole mpaka utulie. Uso ukitazama juu, fimbo inamfaa anayesukuma moja kwa moja. Ncha ikining'inia, inamfaa mwenye mpigo wa upinde. Zipo za kampuni ya L.A.B., ambazo hazijigeuzi upande wowote. J.J. Spaun alitumia moja kutumbukiza mpira wa futi 64 kwenye shimo la mwisho la US Open ya 2025, Oakmont. Hizo usinunue kwa kukisia: mkao usipolingana na mikono yako, faida yote inapotea.

Draiva (fimbo ndefu za mpigo wa kwanza) za kichwa cha mraba, kama zile za Nike na Callaway za 2007, zilisogeza uzito nyuma na pembeni ili kichwa kisijipinde pale mpira unapogongwa nje ya katikati. Lakini kichwa kinachokataa kupinda hukataa pia kujifunga, yaani uso kugeuka kurudi kwenye shabaha, na mwenye mpira unaokimbilia kulia huona unakimbia zaidi. Huyo atafute draiva yenye uzito upande wa kisigino.

Na ukiona fimbo ya kudonoa mpira yenye nyuso mbili, iache dukani kama unacheza mashindano. Kanuni huruhusu nyuso mbili kwa fimbo ya grini tu.