Kabla ya Kulipa Ada ya Chuo Kishiriki, Uliza Nilichochelewa Kuuliza Mimi

Wiki iliyopita mzazi mmoja wa Kahama aliniandikia kwamba binti yake amechaguliwa katika vyuo viwili na anatakiwa kuthibitisha kimoja kabla dirisha halijafungwa. Familia inaelekea kuchagua chuo kikuu kishiriki cha taasisi ya dini, yaani chuo kilicho chini ya chuo kikuu kingine kinachoitwa chuo mama, kwa sababu, kwa maneno yake, "jina la chuo mama ni kubwa, dada, hapo hatuwezi kupotea." Sentensi hiyo niliisoma mara tatu, kwa kuwa ndiyo aliyoisema marehemu baba yangu mwaka 2011, siku tulipoletewa habari kwamba nimepata nafasi, naye akaenda kuuza ng'ombe wawili ili kujazia ada.

Wasomaji wangu wengi mnatafuta kile nilichokuwa nakitafuta, yaani shahada itakayofungua mlango wa ajira na kuwanyamazisha ndugu waliosema kwamba vyuo vya binafsi ni vya waliofeli. Kwa hiyo naomba tuelewane kwanza kuhusu familia hizi za vyuo. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT, cha Baraza la Maaskofu Katoliki, kilianza mwaka 1998 pale Nyegezi, Mwanza, kisha kikapata watoto katika mikoa mingine: Mwenge kule Moshi, Ruaha kule Iringa, Stella Maris kule Mtwara, Jordan kule Morogoro. Walutheri nao walikuwa na Chuo Kikuu cha Tumaini, kilichoviunganisha vyuo vya Makumira, KCMC (cha tiba, Moshi), Iringa na Dar es Salaam. Ukiitazama ramani utadhani ni nyumba moja yenye vyumba vingi, lakini sivyo. Jordan, kwa mfano, ni ya shirika la Wasalvatoriani, ilhali kitaaluma imekuwa chini ya SAUT. Udugu huo ni wa mitaala, mitihani na vyeti, wala si lazima uwe udugu wa mfuko. Chuo mama kinaweza kuwa na maktaba ya ghorofa na mtoto akawa anahangaikia mishahara ya wahadhiri.

Mimi niligundua hayo nikiwa nimeshafika na sanduku langu. Chuo sikitaji, kwani wapo waliosoma hapo wakafanikiwa bila malalamiko. Picha ya maktaba niliyoiona kwenye kipeperushi ilikuwa ya chuo mama, zaidi ya kilomita mia tano kutoka pale nilipopangiwa chumba. Maktaba yetu ilikuwa darasa lililowekewa rafu. Somo la takwimu lilikuwa na mhadhiri wa muda, aliyekuja kutoka mkoa mwingine na kutufundisha muhula mzima ndani ya wiki mbili, asubuhi hadi jioni, kisha akaondoka na maswali yetu. Miaka mitatu ilipita, nikafaulu vizuri, tena nilikuwa wa pili katika darasa letu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kilichoniumiza hasa kilikuja baada ya mtihani wa mwisho. Matokeo ya chuo kishiriki hayaishii kwa mkuu wa chuo hicho; hupitia vikao vyake, kisha hupelekwa kwenye Seneti, kikao kikuu cha taaluma, ya chuo mama, ambacho ndicho kinachotunuku shahada. Mwaka wetu karatasi zilikwama kati ya ofisi hizo mbili. Niliitwa kwenye usaili Dodoma, nikafanya vizuri, nikaambiwa nilete hati ya matokeo ndani ya siku 14. Chuo kikasema karatasi ziko kwa mama, mama akasema hajazipokea. Hati ilitoka baada ya miezi saba, na kazi ile alishapewa mwingine. Baba alifariki mwaka uliofuata bila kuuona mshahara wangu wa kwanza. Wanaoniambia nisahau hawakuuza ng'ombe.

Leo mimi ni afisa rasilimali watu, na mwezi uliopita niliketi upande wa pili wa meza nikikagua vyeti vya waombaji 40. Wawili walikuwa na vyeti vyenye jina ambalo chuo chao hakilitumii tena. Mambo hayo hutokea, maana watoto hukua: Iringa ilitoka Tumaini na kuwa Chuo Kikuu cha Iringa mwaka 2013, na Mwenge pamoja na Ruaha nazo zikawa vyuo vikuu kamili. Cheti cha zamani hakipotezi uhalali, lakini mwenye cheti anapaswa kujua kumbukumbu zake zinatunzwa na nani, kwa sababu mwajiri atauliza.

Basi fuatilieni chuo chenyewe, siyo ukoo wake. Tafuteni programu mnayoitaka katika mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, chini ya jina la chuo kile kile mtakachokwenda, maana ithibati ya programu kwa mama haimwendei mtoto yenyewe. Ulizeni wahadhiri wangapi wameajiriwa na wangapi ni wa muda. Ulizeni wahitimu wa mwaka jana walipata hati baada ya muda gani, na muwaulize wahitimu wenyewe. Wakati wetu maombi yalipita katika mfumo wa pamoja wa TCU. Tangu mwaka 2017 vyuo vinapokea maombi moja kwa moja, kwa hiyo vinatangaza kama wauza vitenge, na anayetangaza hatakuonyesha pindo lililochanika. Mwaka huo huo TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na kila kimoja kilikuwa na wazazi waliokiamini. Msione haya kuuliza. Mzazi anayekagua meno ya mbuzi mnadani hana sababu ya kulipa mamilioni ya ada kwa kutazama kipeperushi.

Yule mzazi wa Kahama alinijibu jana. Alipiga simu chuoni akauliza kuhusu Seneti na hati za mwaka jana, akaambiwa asubiri kidogo mhusika yuko kikaoni. Dirisha la kuthibitisha linafungwa Ijumaa, na hadi ninapoandika haya hajapigiwa.