Jirani wa kelele: ni kosa tayari, lakini polisi wasiwe wa kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama jirani anayefungulia spika hadi usiku wa manane ashtakiwe kama mhalifu. Kwa Kenya tayari ni kosa. Kanuni za kelele za 2009, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zimeweka kikomo cha desibeli 35 usiku kwenye makazi, na kwa Katiba ya 2010 kudhibiti kelele ni kazi ya serikali za kaunti.

Lakini mimi naishi Langoni, hapa Lamu, ambako dirisha langu na la jirani yanatazamana kama watu wawili barazani. Mwaka jana gesti ya nyuma iliweka jenereta chini ya chumba cha mamangu, naye mgonjwa. Kikombe cha dawa kilikuwa kikitetemeka mezani mpaka kinasogea. Nilikwenda kwa mwenyewe mara mbili, ya tatu nikaenda na mzee wa mtaa. Akaihamisha.

Ngoma za harusi nazivumilia, zina mwisho. Ila anayechuma pesa kwa usingizi wa watu, akaonywa na akakaidi, huyo apelekwe kortini bila huruma. Wewe anza leo kuandika tarehe na saa za kila usiku.