Chumba Kimoja Baridi: Pima Kabla Hujanunua Thamostati Mpya

Mama alikuja Leeds, Uingereza, mwezi wa Novemba akitokea Tanga. Nyumba yetu hupashwa joto na mabomba ya maji moto yaliyopita chini ya sakafu, na chumba tulichomwandalia kikawa ndicho pekee nyumbani ambacho sakafu haipati moto. Sebuleni unatembea peku raha mstarehe. Ukivuka kizingiti cha chumba chake, nyayo zinakufa ganzi. Hakulalamika. Alivaa soksi mbilimbili na kujifunga kanga juu ya sweta, na hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza.

Nikamwita fundi. Akaitazama thamostati, kile kifaa cha ukutani cha kuchagua joto la chumba, akasema imekufa, akaweka mpya, akalipwa, akaenda zake. Siku mbili baadaye sakafu ni barafu vilevile. Huku Uingereza tunazidi kuhamia nyumba zenye mabomba ya namna hii, na kosa hili ni rahisi kulifanya: thamostati ndiyo inayoonekana, kwa hiyo ndiyo inayolaumiwa.

Kumbe kazi ya thamostati ni kuomba joto tu. Ombi hupita kwenye sanduku la nyaya, likafika kwenye kichwa kidogo cha plastiki kilichokaa juu ya vali, yaani kilango cha maji, ya chumba hicho, pale mabomba yanapogawanyika. Kwetu ni kabatini chini ya ngazi. Ndani ya kichwa mna nta. Umeme ukiipasha, hutanuka na kuiachia vali ifunguke, na huchukua dakika tatu hadi tano. Usiwashe ukahukumu papo hapo.

Anza na betri za thamostati, kama inatumia betri. Kisha ipandishe, nenda kabatini usubiri. Vichwa vingi vina alama inayochomoza vikipata umeme. Cha mama kilichomoza vizuri kabisa. Basi nikakifungua kwa mkono bila kugusa waya, nikakihamishia kwenye vali ya sebule, na cha sebule nikakileta kwa mama. Thamostati zote mbili nikaziacha juu, pampu inazunguka. Juu ya mabomba kuna vimirija vyenye alama nyekundu ya kuonyesha lita kwa dakika. Alama ya sebule ikapanda kama kawaida, ingawa sasa vali yake inaendeshwa na kichwa cha mama. Ya chumba cha mama haikutikisika. Basi kichwa ni kizima; ugonjwa uko kwenye vali, na fedha ya thamostati imekwenda bure.

Chini ya kichwa mna kipini chembamba cha chuma. Kikiwa kizima, ukikikandamiza kwa kipande cha mbao hushuka milimita chache na kurudi chenyewe. Cha mama kilikuwa kimezama, hakirudi. Chumba kilikaa kitupu majira yote ya joto, vali imefungwa, kipini kikagandia humo. Nikagonga taratibu ubavuni mwa vali kwa mpini wa bisibisi, nikakikandamiza kidogo, nikagonga tena, kama dakika kumi hivi. Kikaruka juu, na ile alama nyekundu ikapanda mbele ya macho yangu.

Usikivute kwa koleo hata ukichoka: kikichomoka, maji yanaruka na kabati zima linalowa. Na sanduku la nyaya usilifungue kabla hujazima umeme kwenye swichi kuu, maana vichwa vingi huku vinatumia volti 230. Kama kichwa hakichomozi kabisa hata baada ya kusubiri, hapo mwite fundi wa umeme, umweleze yote uliyokwisha kupima, asije akaanza tena na thamostati.

Sakafu ya zege ilichukua jioni nzima kushika moto. Asubuhi nilimkuta mama amekaa chini chumbani kwake, miguu ameinyoosha, soksi kazivua, anachambua mchele kwenye sinia.

Siku hizi kila mwezi, hata Julai, nazima boila, mtambo unaopasha maji, na kupandisha thamostati za vyumba vyote kwa robo saa, ili vipini vipande na kushuka visigande tena.