Miguu ya panzi ipitishwe kifuani, isibandikwe

Swali: Binti yangu wa darasa la tano ametengeneza panzi kwa trei la mayai na njiti za kiberiti. Miguu kaibandika chini ya tumbo. Kila akimsimamisha, miguu inafyatuka na panzi analala kifudifudi. Tumeongeza gundi, wapi! Tufanyeje? (Mama wa Pongwe, Tanga)

Jibu: Pole kwa mahangaiko, mama, na mpe binti hongera zangu. Gundi msiongeze tena. Njiti iliyobandikwa kwa ncha inashika mahali padogo mno, na uzito wote wa mwili unaishia hapo hapo.

Mdudu mwenyewe anatuonyesha dawa. Ana kichwa, kifua na tumbo, na miguu yote sita hutoka kifuani, jozi moja kwa kila pingili kati ya pingili tatu za kifua. Tumboni hakuna mguu hata mmoja. Basi toboeni kifua mashimo matatu, ubavu hadi ubavu, mpitishe nyaya tatu. Waya mmoja unakuwa mguu wa kulia na wa kushoto kwa pamoja, na hauna pa kudondokea. Waya mwembamba wa kufungia nondo unafaa sana. Msipoupata, chukueni chelewa mbichi kwenye kuti. Chelewa za ufagio hukatika mnapozikunja, labda mziloweke usiku kucha kwanza.

Kikombe cha trei peke yake ni laini, waya utakipasua. Kijazeni gazeti lililoshindiliwa, kisha kizungusheni vipande vya gazeti vilivyopakwa gundi ya unga. Chukueni vijiko viwili vya unga wa muhogo kwa kikombe cha maji ya baridi, vurugeni mpaka mabonge yaishe, ndipo mbandike kwenye moto mdogo mkikoroga hadi uji uanze kung'aa. Pakeni tabaka nyembamba, likauke juani kabisa kabla ya kuongeza jingine. Hapa Tanga hewa ya bahari ina unyevu: tabaka nene hukauka juu tu, ndani likaota ukungu. Nyaya zitangulie, tabaka la mwisho lizifunike pale zinapotokea.

Tumbo, kinyume chake, liwe tupu: bomba la karatasi lililochongoka nyuma. Likiwa zito litamvuta panzi aketi mkia. Ndiyo maana nyayo za miguu ya nyuma zirudishwe nyuma, chini ya tumbo, na nyayo zote sita zitanuke kupita upana wa mwili.

Mguu wa nyuma ndio unaomtambulisha panzi, hapo binti asifanye haraka. Paja ni nene na limeinuka, hata goti linapita juu ya mgongo. Muundi ni mwembamba, unashuka moja kwa moja. Viringisheni karatasi kwenye waya sehemu ya paja, muundi mwuache ulivyo.

Papasi za kichwani ziwe fupi. Nyuzi mbili za mkonge zilizochovywa kwenye gundi zikakauka zinatosha, na Tanga mkonge haukosekani. Mkiziacha ndefu kupita mwili mtakuwa mmetengeneza senene. Sikio nalo liko mahali pa ajabu: la panzi ni kiwambo kidogo ubavuni, kwenye pingili ya kwanza ya tumbo, chini ya bawa, la senene liko kwenye mguu wa mbele. Mwambieni binti alichore, mwalimu wake atafurahi.

Mabawa ni jozi mbili, nayo yanatoka kifuani. Ya juu ni membamba na magumu kidogo, gamba la daftari linafaa. Ya chini hukunjwa mikunjo mikunjo mfano wa pepeo la karatasi. Tumieni karatasi nyeupe iliyosuguliwa mafuta ya nazi, itapitisha mwanga. Shina la bawa msilitie mafuta, gundi haitashika.

Mwisho pakeni vanishi au gundi nyeupe ya mbao mwili mzima, hata chini ya tumbo. Gundi ya unga ni chakula cha mende na sisimizi, na wataanzia pale mlipoacha wazi.