Mama anaogopa kukatwa: jibu kwa dada wa Tukuyu

Pole sana dada. Umesema kipimo cha kinyama kimeonyesha mama ana saratani ya mashavu ya uke, naye anakataa upasuaji akidhani ataondolewa kila kitu. Mama mkubwa wangu aliogopa hivyohivyo. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Siku hizi uvimbe mdogo hukatwa wenyewe na ukingo wa nyama nzima kuuzunguka.

Muulize daktari uvimbe una sentimita ngapi. Ukiwa mmoja, chini ya 4, na mitoki haijavimba, penye vifaa hutolewa tezi za kinenani ambazo saratani ingezifikia kwanza tu, zikapimwa, hivyo hatari ya miguu kuvimba hupungua. Ukiwa mkubwa, kuna mionzi na kemo (dawa za kuua saratani), hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar.

Apime na VVU. Dawa za kienyeji za kupaka aache, nakusihi. Mpeleke Rufaa Mbeya wiki hii.