Je, lazima ujue kuchora?

Umeuliza kama anayesomea historia na nadharia ya sanaa ya kisasa chuo kikuu lazima ajue kuchora. Hapana, ndugu. Kazi kubwa ni kutazama, kusoma na kuandika. Chukua kile chombo cha kukojolea cha kauri ambacho msanii Marcel Duchamp alikipeleka kwenye maonyesho ya New York mwaka 1917, kikiwa na saini ya jina la kubuni, "R. Mutt". Waandaaji walikikataa, kisha chenyewe kikapotea. Tunakijua kwa picha aliyoipiga Alfred Stieglitz. Sasa sanaa ni ipi hapo: chombo, uamuzi wa kukichagua, au ile picha? Darasani kwetu tulilijadili swali hilo wiki nzima, na bado nalipenda mno. Ila jiandae kusoma maandishi magumu, tena kwa kurudiarudia.